Msimalizane kabla daktari hajasema neno la mwisho

Kuna karatasi inayoandikwa mara nyingi mno kwenye meza za trafiki hapa Tanzania. Ni nusu ukurasa, mara nyingine imechanwa kwenye daftari la shule, ina majina mawili, sahihi mbili na shahidi mmoja. Inasema kwamba fulani alimgonga fulani, kwamba pande zote zimekubaliana kumalizana, kwamba majeruhi amepokea kiasi fulani cha fedha na hana madai mengine, ya sasa wala ya baadaye. Anayeisaini ameketi kwenye benchi huku mguu umevimba hadi kiatu hakiingii. Hajui alichovunjika. Nani amjulishe, na eksirei yenyewe hajapiga?

Tunasema bila kuzunguka: karatasi hiyo, ikisainiwa kabla daktari hajajua jeraha litaishia wapi, ni dhuluma. Na kila ofisa anayeiruhusu iandikwe mezani kwake ameshindwa kazi anayolipwa mshahara kuifanya.

Tumechagua kuzungumzia mguu, hasa sehemu ya chini, kuanzia kifundo hadi vidole, kwa sababu ndilo jeraha linalodharauliwa kuliko mengine. Aliyeumia kichwa hukimbizwa hospitali. Aliyevunjika paja hubebwa. Aliyepondeka unyayo huambiwa ajikaze, apake dawa ya kuchua, ni mguu tu. Abiria wa bodaboda ndiye anayelipata zaidi jeraha hili: mguu wake umekaa kwenye kikanyagio, umechomoza nje ya upana wa pikipiki, mara nyingi ukiwa ndani ya kandambili, na gari linalopita kwa kubana huukuta wa kwanza. Mtoto aliyepakatwa nyuma huingiza kisigino kwenye spoku. Saidia fundi huangukiwa na tofali, au hukanyaga msumari uliopita soli nzima.

Unyayo mmoja wa binadamu una mifupa 26, iliyoshikwa na kano zinazobeba uzito wote wa mwili. Katikati yake kuna maungio yaliyopewa jina la Lisfranc, daktari mpasuaji wa Ufaransa wa zama za Napoleon. Madaktari wa mifupa wanalijua jeraha la hapo kwa sifa moja mbaya: linaweza kupita bila kuonekana kwenye picha ya kwanza, hasa picha ikipigwa mgonjwa akiwa amelala, kwa kuwa mifupa iliyoachana hujionyesha vizuri mtu anapousimamia mguu. Mgonjwa anaambiwa ameteguka, anafungwa bandeji, anarudi nyumbani. Miezi inapita, upinde wa unyayo unalala, maungio yanasagika, na hatua inakuwa ya maumivu hadi uzee. Kisigino nacho kikipasuka kwa mtu aliyeanguka kutoka juu, mfupa unaweza kuunga na bado asiweze tena kutembea sawasawa kwenye ardhi yenye mabonde. Mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari nyingine: kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kuishia kwenye kukatwa.

Sasa mfikirie mtu huyo anaishi kwa kazi gani. Mama lishe husimama tangu alfajiri mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Dereva wa bodaboda hubadilisha gia kwa mguu wa kushoto na kukanyaga breki ya nyuma kwa wa kulia, kwa hiyo akipoteza nguvu ya mmoja amepoteza kazi. Mkulima hushuka na kupanda matuta. Hawa hawana kiti cha ofisini cha kuhamia wakisubiri kupona. Kwao mguu ndio mtaji, na wanapopewa elfu hamsini ya kumalizana wanakuwa wameuuza mtaji huo kwa bei ya panadoli na nauli.

Tunajua hoja inayotolewa kutetea utaratibu huu, na ni hoja nzito inayostahili kujibiwa. Wanasema sisi ni watu wa suluhu. Dereva naye ni kijana maskini, pikipiki si yake, ana watoto. Kesi zinachukua muda. Wazee wakikaa pamoja, wakasemezana na kupeana pole, ugomvi unaisha na maisha yanaendelea.

Suluhu hatuipingi. Hata mahakama zetu huzipeleka kesi za madai kwenye usuluhishi kabla ya kuzisikiliza. Tunachopinga ni suluhu inayofanyika wakati upande mmoja haujui umepoteza nini. Na kuhusu umaskini wa dereva, hapo ndipo hoja hiyo inapogeuka. Sheria ya Bima ya Magari inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo, kwa sababu hiyohiyo: watunga sheria walijua kwamba dereva hawezi kulipa mguu wa mtu kutoka mfukoni mwake. Ada imeshalipwa. Stika iko pale. Lakini mkimalizana kituoni, kijana maskini anakopa kwa wenzake kijiweni ili alipe kidogo, majeruhi maskini anapokea kidogo hicho, na kampuni ya bima iliyopokea ada kwa ajili ya siku ileile haitoi hata senti. Huruma gani hiyo, inayowafanya maskini wawili wabebe mzigo ambao mwenye uwezo ameshalipwa aubebe?

Tuanze na polisi, kwa kuwa kila kitu huanzia mikononi mwao. Wajibu wa askari wa usalama barabarani baada ya ajali si kuwapatanisha watu. Ni kupima eneo, kuchora ramani ya ajali, kuchukua maelezo ya mashahidi kabla hawajatawanyika, kuhakikisha chombo kinakaguliwa, kuandika namba ya bima, kumpa majeruhi fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na kumpeleka mahakamani dereva ambaye ushahidi unaonyesha alikuwa na kosa. Majeruhi aliyezidiwa apelekwe hospitali kwanza na karatasi zimfuate huko.

Wananchi wengi hawajui uzito wa hatua hiyo ya mahakamani, na inasikitisha kwamba hata baadhi ya askari wanaichukulia kama habari ya faini tu. Ni kweli faini inaingia serikalini, majeruhi haoni kitu. Lakini kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishatolewa na muda wa rufaa kupita, inachukuliwa katika kesi ya madai kuwa ushahidi kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Maana yake ni kwamba yule mama lishe anapokwenda kudai fidia, halazimiki kuanza upya kubishana nani aliingia upande wa nani. Jambo hilo limeshakwisha, kinachobaki ni kiasi. Hakimu wa kesi ya jinai mwenyewe ana mamlaka ya kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa. Askari anaposema "mzee, malizaneni tu, mahakamani mtapoteza muda," anaukomea mlango huo kabla haujafunguliwa. Bila shitaka hakuna hatia, bila hatia majeruhi anabaki na neno lake dhidi ya neno la dereva, na kampuni ya bima itauliza kwa nini hakuna kesi.

Hapa hatutazungumzia rushwa kwa urefu. Yapo malipo yanayopita chini ya meza hiyo, kila mtu anajua, na TAKUKURU ipo kwa kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba hata pale askari asipopokea chochote, hata anapopatanisha kwa nia njema kabisa, matokeo kwa mwenye mguu ni yaleyale.

Wenye pikipiki nao wajibu wao wanautupa kwa kijana anayeendesha. Tajiri anapokea hesabu kila jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Pikipiki ikigonga mtu, ghafla si yake, "ongeeni na dereva." Sheria haikubaliani naye. Anayemtuma mwingine kwa biashara yake anawajibika kwa uzembe wa huyo aliyemtuma akiwa kazini, na jina lililo kwenye kadi ya usajili ndilo la kwanza kutafutwa. Wapo waliouza pikipiki zamani bila kubadilisha jina kwenye kadi, wapo wanaokata bima ya matumizi binafsi kwa chombo kinachobeba abiria kutwa kwa sababu ada yake ni ndogo. Huyu wa pili anafanya jambo baya zaidi kuliko anavyodhani. Siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukwepa, na abiria aliyepanda kwa imani kwamba chombo kina bima anajikuta ananing'inia hewani. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka mfumo wa kuhakiki bima kwa namba ya usajili wa chombo, na unatumika kwa simu ya mkononi. Viongozi wa vijiwe wautumie. Kijiwe kinachoruhusu pikipiki isiyo na bima sahihi kupanga foleni kinashiriki kosa hilo.

Na kampuni za bima, ambazo tumezitetea hapo juu kwa maana ya kusema kwamba ndizo zenye kulipa, zina la kujibu. Kuna tabia ya kudai nyaraka mojamoja: leo wanataka PF3, mwezi ujao taarifa ya polisi, mwezi unaofuata nakala ya hukumu, kisha ripoti ya daktari ambayo kwa sasa imeonekana kuwa ya zamani. Mtu mwenye magongo anapanda daladala mara zote hizo. Orodha kamili ya nyaraka itolewe siku ya kwanza, kwa maandishi na kwa Kiswahili. Kuna tabia nyingine ya kumpa mdai hati ya malipo ya mwisho aisaini haraka, wakati vyuma bado vimo mguuni na daktari ameshamwambia kuna upasuaji mwingine wa kuvitoa. Huko nako ni kumalizana, tofauti ni kwamba kunafanyika ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Mdai anayeona anazungushwa asirudi nyumbani kulalamika tu. Ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya 2009, na si lazima uwe na wakili ili kuifikia.

Madaktari watuvumilie, kwa kuwa tunajua foleni zilizopo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na katika hospitali za rufaa mikoani, na tunajua daktari mmoja anahudumia wangapi kabla hajanywa chai. Lakini PF3 iliyojazwa kwa maneno matatu, "jeraha mguu wa kulia," inaweza kumgharimu mgonjwa kuliko ajali yenyewe. Hakimu hawezi kupima alichokosa kuandikiwa. Aandike ni mfupa gani, umevunjika vipi, umetibiwa kwa hogo au kwa upasuaji au kwa vile vyuma vya nje ambavyo wagonjwa wameviita antena. Mgonjwa anayesema bado hawezi kukanyaga baada ya wiki mbili arudishwe kwenye eksirei, safari hii akiwa amesimama kama anaweza. Na jeraha likishatulia, pasipo tena mabadiliko makubwa ya kutarajia, iandikwe ripoti ya mwisho inayotaja kiwango cha ulemavu kwa asilimia na inayosema kwa lugha ya kueleweka mtu huyu ataweza nini na hataweza nini: kusimama kwa muda gani, kupanda ngazi, kuendesha, kubeba. Ripoti hiyo ndiyo msingi wa fidia yote. Wito wa mahakama ukifika, daktari aende kutoa ushahidi. Kesi nyingi zinadhoofu kwa sababu aliyetibu hakuonekana.

Kwa waliotokea kuumia kazini, njia ni nyingine na kwa kweli imenyooka zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Huko mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Michango ni ya mwajiri peke yake, ni kosa kuikata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali ana siku 7 za kuifikisha kwa Mfuko, na taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12 haki hiyo inaweza kupotea. Mfuko unagharimia matibabu, unalipa asilimia 70 ya kipato kwa kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, na ulemavu ukiwa wa kudumu kuna malipo ya mkupuo au pensheni ya kila mwezi kulingana na kiwango chake.

Kwa hiyo mkandarasi anayempa kibarua wake aliyepondwa kidole shilingi elfu ishirini na kumwambia apumzike wiki moja hajamfadhili. Amemficha. Mkataba wa kazi kuwa wa mdomo hakumwondolei wajibu. Na kabla ya fidia kuna wajibu uliotangulia: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwenye eneo la ujenzi hilo lina maana ya buti ngumu zenye chuma mbele, zinazotolewa na mwajiri. Pita leo kwenye ghorofa lolote linalopanda mjini uangalie miguu ya wanaobeba zege. Utaona wangapi wamevaa ndala.

Majeruhi naye ana wajibu, na hatutamsamehe kwa kuwa ameumia. Atunze kila risiti: dawa, eksirei, magongo, bajaji ya kwenda kliniki. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwa miaka mingi kwamba hasara halisi lazima idaiwe kwa kuitaja na ithibitishwe kikamilifu, haikisiwi. Maumivu na maisha yaliyoharibika hakimu huyapima kwa busara yake, lakini nauli huihesabu kwa karatasi. Asikimbilie kwa muunga mifupa wa kienyeji akaacha kliniki. Mbali ya hatari ya mfupa kuungwa vibaya, miezi hiyo itakosa kumbukumbu yoyote, na upande wa pili utadai ulemavu umetoka huko. Awakimbie vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi mamilioni kwa sharti la kugawana nusu. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na kituo kama cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kinawasaidia wasio na uwezo. Asitishwe na maneno ya kwamba naye alivaa kandambili au hakuwa na kofia. Kosa la mdai, kama lipo, linapunguza fidia kwa kadiri lilivyochangia. Haliifuti.

Tunataka nini kifanyike, na kianze lini? Kamandi ya usalama barabarani ilipige marufuku dawati lolote la trafiki kushuhudia au kutunza makubaliano ya mwisho kuhusu jeraha la mwili pasipo ripoti ya mwisho ya daktari kuambatishwa. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Dereva anayetaka kutoa fedha ya dawa siku ya kwanza atoe, ni uungwana na ni haki, lakini iandikwe kuwa ni malipo ya awali ya matibabu yasiyoathiri madai mengine. Sentensi hiyo moja inalinda suluhu na inalinda mguu. Wenyeviti wa mitaa na wazee wanaoombwa kuwa mashahidi wakatae kutia sahihi karatasi isiyo nayo.

Na kwa wale ambao tayari walisaini: makubaliano yaliyopatikana kwa vitisho, kwa shinikizo au kwa kudanganywa kuhusu ukubwa wa jeraha yanaweza kupingwa, kwa kuwa Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iwe huru. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu ajali. Kama chombo kilikuwa cha serikali, chenye namba za STK au SM, kuna notisi ya siku 90 inayopaswa kutolewa kwanza, kwa hiyo muda wa kujiandaa ni mfupi zaidi. Aliyegongwa mwaka jana na bado anachechemea achukue faili lake la hospitali wiki hii, arudi kwa daktari apimwe upya, na aende kituoni kuulizia namba ya jalada la ajali yake. Askari wa zamu atakayemkuta hapo ana wajibu wa kumpa.